Macho Yalikuwa Yake

Juzi nilikasirika mbele za watu, na nataka nikueleze kwa nini, maana wewe utanielewa.

Nilikuwa nimekwenda kwenye jengo moja la maduka kaskazini mwa jiji kumnunulia binti yangu viatu vya shule. Ukumbini, chini, walikuwa wametundika picha kubwa za sinema za zamani za Hollywood, zile za nyeusi na nyeupe, kutangaza wiki ya kuonyesha filamu hizo. Watu walipita na aiskrimu zao, wakasimama kidogo, wakajipiga picha, wakaenda. Nami nikasimama. Kwenye picha ya nne nikamwona. Amekaa kwenye ukingo wa meza ya ofisi, penseli nyuma ya sikio, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, kama alivyokiinamisha kila alipomsikiliza mtu anayemdanganya. Pembeni yake amesimama mwanamume mwenye koti zuri. Chini ya picha wameandika jina la mwanamume huyo kwa herufi kubwa, kisha jina la mwongozaji wa filamu, kisha maneno haya: pamoja na mwigizaji mwenzake.

Mwigizaji mwenzake. Mtu ambaye kwenye filamu ile ile jina lake lilitangulia la mwanamume huyo. Mtu ambaye uso wake uliwahi kubandikwa kwenye kuta za Johannesburg hii hii, mkubwa kuliko basi.

Nikamtafuta msimamizi wa maonyesho hayo. Akaja mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia shingoni, mwenye adabu kabisa. Nikamweleza kosa. Aliomba radhi, akasema waliandaa mambo kwa haraka, tena kusema kweli watu wa siku hizi hawamjui mwanamke yule. Nikamwambia, "Mimi namjua. Nimekua naye." Akanitazama, mwanamke mwenye lafudhi ya Kikongo na boksi la viatu kwapani, nikaona dhahiri kwamba hakuniamini. Sauti yangu ilipanda. Mlinzi wa mlangoni akageuka kututazama. Nikaondoka.

Ni kweli lakini kwamba nilikua naye, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Mimi na mama tulifika mjini hapa kutoka Uvira nikiwa na miaka sita, tukapata chumba Joubert Park, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla hatujafika. Asubuhi niliamshwa na honi za taksi kutoka upande wa Park Station, kisha na harufu ya magwinya, yale maandazi makubwa yasiyo na sukari, yakikaangwa kwenye kona karibu na robot, yaani taa za barabarani. Ngazini ulisikia Kiswahili cha kila namna. Mtu wa Kigoma alikisema kwa mapozi, Mrundi akakichanganya na Kifaransa, mtu wa Lubumbashi akakikata njia yake mwenyewe, na sisi wa Kivu tukiwacheka wote huku wao wakitucheka sisi. Mama alikuwa msusi. Alikuwa na viti vitatu kwenye chumba kidogo cha chini kilichotazama barabara, na alisimama hapo tangu asubuhi mpaka jua lizame, vidole vikinukia mafuta ya nywele.

Mlango uliofuata wetu alikaa Gogo. Ndivyo watu wa hapa wanavyomwita bibi, na ndivyo tulivyomwita sote, hata kina mama waliokuwa na wajukuu wao. Alikuwa Mzulu, mwembamba, mkimya, na ndiye mwenyeji peke yake kwenye ghorofa yetu. Mama alimwomba aniangalie baada ya shule, naye akakubali bila maneno mengi. Tulikuwa watatu: mimi na watoto wawili wa fundi cherehani Mrundi aliyekaa mwisho wa korido. Kwanza tuliosha soksi zetu. Kisha tulifagia. Gogo alikagua pembe za chumba kabla hajakagua katikati, na kama pembe zina vumbi tulianza upya. Ndipo tulipopewa mkate wenye siagi ya karanga na chai nyekundu, na ndipo alipowasha televisheni.

Chini ya televisheni alikuwa na deki, na kando ya deki, kwenye rafu iliyofunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe, kanda zake za video. Zote zilikuwa filamu za zamani. Nyingine alizirekodi kwenye televisheni Jumapili mchana, nyingine alizipata duka la video lilipofungwa na kuuza vitu vyake. Na karibu zote alikuwemo mwanamke mmoja.

Jina lake silitaji, na sababu si kwamba nimelisahau. Jina lile lilibuniwa na kampuni ya sinema siku walipomtoa kwenye kiwanda cha kushona magauni, wakaona jina alilopewa na mama yake halitamkiki vizuri. Gogo alilisoma jambo hilo kwenye gazeti la picha alilolikuta sakafuni kazini akiwa msichana, na humo mwanamke mwenyewe alisema hajawahi kugeuka haraka akiitwa kwa jina lile. Gogo hakusahau. Yeye pia, pale kazini, wazungu walimpa jina la Kiingereza kwa sababu lake liliwashinda, wakamwita hilo miaka yote. Kwa hiyo nyumbani kwake jina la kampuni halikutamkwa. Tulimwita Dada Mkubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kufagia sinema. Zamani za ubaguzi, katikati ya jiji kulikuwa na jumba la sinema lenye mazulia mekundu na taa kama mashada ya zabibu, na mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa kwenye kiti chake hata kimoja. Kusugua viti hivyo aliruhusiwa. Gogo alianza kazi hapo akiwa na miaka kumi na minane. Aligundua kwamba ukisimama nyuma ya pazia la mlango wa pembeni, na ufagio mkononi ili uonekane uko kazini, unaona karibu theluthi mbili za kioo cha sinema. Hapo ndipo alipoziona filamu zote za Dada Mkubwa, kwa wima, kioo kimekatwa upande mmoja. Lakini mwisho wa filamu hakuwahi kuuona hata mara moja. Dakika kumi kabla ya taa kuwaka wafagiaji walitakiwa wawe wameshuka vyooni na ndoo zao, maana wageni hawakutaka kukutana nao mlangoni.

Fikiria hilo. Filamu unaipenda, umeitazama zaidi ya mara kumi, na hujui inaishaje. Huwezi kumuuliza mtu, kwa sababu walioiona mpaka mwisho hawazungumzi na wewe.

Alipotokea Dada Mkubwa kwenye televisheni, Gogo alituambia, "Kaeni vizuri. Mtu yuko kazini." Hakusema ni mzuri, ingawa alikuwa mzuri. Alituonyesha kazi. Alisimamisha kanda akatuambia tutazame mikono: waigizaji wengine walishika kila kitu, sigara, nywele, shanga, naye aliiacha mikono yake itulie hata ukaisahau, mpaka dakika moja iliposogea ndipo moyo wako ukaruka. Alituonyesha jinsi anavyosikiliza. Wengine, mwenzao akisema, walingoja tu zamu yao. Yeye ungeweza kuondoa sauti na kujua ameambiwa nini.

Kuna sehemu moja tuliitazama mpaka kanda ikaanza kukwaruza. Ni karamu ya matajiri, watu wamezunguka meza wakicheka, na mtumishi mweusi anaingia na sinia la vikombe. Hakuna anayemtazama. Mazungumzo yanaendelea juu ya kichwa chake kama vile sinia limejileta lenyewe. Dada Mkubwa, bila kuacha kuzungumza, anausogeza mkoba wake kutoka mezani ili sinia lipate pa kukaa, anainua macho, anamtazama yule mtumishi usoni. Basi. Haichukui hata muda wa kupiga chafya. Gogo alirudisha nyuma, akarudisha tena. Alisema jambo lile halikuandikwa na mtu; ukiangalia wengine pale mezani utaona wameshtuka kidogo. Kisha alituambia tungoje majina yapite mwishoni, tumtafute mwenye sinia. Tulikuwa ndiyo kwanza tunajifunza kusoma, tukasogeza pua mpaka kwenye kioo. Alikuwepo mwenye nguo, alikuwepo mwenye nywele, alikuwepo mpaka mwenye mbwa. Mwenye sinia hakuwepo. Ile ndiyo hasira yangu ya kwanza ninayoikumbuka ambayo haikuhusu chakula wala kuchapwa.

Kiingereza nilikipata hapo pia. Shuleni nilikuwa nacheka wenzangu wakicheka, bila kujua wanachonicheka ni mimi. Mwalimu alinikalisha nyuma akiniambia ninyamaze kwanza mpaka nitakapojua kusema, nami sikuelewa mtu anajuaje kusema akiwa amenyamaza. Nyumbani kwa Gogo niliyarudia maneno ya Dada Mkubwa kwa sauti yake ile nzito, polepole, kila herufi mahali pake. Siku moja mwalimu aliponikatiza, nilimwambia kwa Kiingereza cha filamu, "Samahani, bwana, sijamaliza." Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka, ila aliniacha nimalize.

Sasa nikwambie kuhusu filamu ya picha ile ya dukani. Gogo aliipenda kuliko zote, nayo ndiyo pekee aliyokosa kanda yake. Dada Mkubwa ni binti wa mwenye gazeti katika mji mdogo. Baba anakufa, anamwachia mtambo wa kuchapia na madeni. Anagundua kwamba meya anawaibia watu maji, anaandika habari hizo, anatishwa, anavunjiwa madirisha, haachi. Kuna mwandishi mwanamume kutoka mji mkubwa, yule mwenye koti zuri, anayekuja kumsaidia na kumpenda. Gogo alikuwa akitusimulia vipande vyake tukisugua masufuria. Na mwisho? Tulimuuliza. Alisema anaamini mwanamke anashinda, mwanamume anamwomba kazi, na wanachapa gazeti pamoja. Alikuwa ameuishi mwisho huo kichwani mwake zaidi ya miaka arobaini.

Nilikuwa na miaka kumi hivi ilipotangazwa kwamba wataionyesha kwenye televisheni, Jumapili mchana. Gogo alivaa gauni lake la kanisani. Alipika kuku. Alimwalika mama, na yule fundi cherehani na mkewe, tukabanana kitandani na sakafuni, kanda mpya ndani ya deki ikirekodi. Aliketi kwenye kiti, mgongo wima, mikono mapajani. Kioo chote kilikuwa chake, pembe zote nne. Ilipofika zile dakika kumi za mwisho nilimwona anashika mkono wa kiti, kama mtu aliyezoea kuinuka.

Mwanamke anashinda. Meya anakamatwa. Mji mzima unampigia makofi. Kisha anaingia ofisini na yule mwanamume, anavua aproni yenye wino, anamkabidhi funguo za mtambo, anamwambia, "Wewe unajua zaidi." Wanabusiana. Gazeti la kesho yake lina jina la mwanamume. Mwisho.

Gogo aliinuka, akazima televisheni, akaenda kuchemsha maji. Mama alinong'ona kuniuliza kuna nini. Baadaye Gogo aligawa chai, akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Kwa hiyo ndivyo walivyomfanya." Siku nzima hakusema zaidi ya hapo.

Kumbe hakuwa amemaliza. Jumatatu tulipotoka shule tulimkuta amekaa mbele ya kioo, kanda imesimama kwenye ule uso unaokabidhi funguo. Akaniita karibu. Akaniambia nisisikilize maneno, nitazame tu. Nikatazama. Mdomo unasema wewe unajua zaidi, sauti tamu kabisa. Lakini macho ya Dada Mkubwa hayapo kwa mwanamume. Yamepita begani kwake, yamekwenda kwenye mtambo wa kuchapia, na yamekaa huko, makavu, kama mtu anayeitazama nyumba yake kwa mara ya mwisho akiwa barabarani. Kisha anayarudisha na kutabasamu. "Mdomo waliuandika wao," Gogo alisema. "Macho ni yake."

Habari za maisha yake alizitoa kwenye magazeti ya picha aliyokuwa ameyakata na kuyatunza. Baada ya filamu hiyo alikuwa juu kabisa. Miaka michache baadaye, hajafika hata arobaini, kampuni ilimwambia sasa atacheza mama. Mama wa nani? Wa msichana ambaye angeolewa, kwenye filamu hiyo hiyo, na yule yule mwenye koti zuri, ambaye alikuwa amemzidi Dada Mkubwa miaka kumi na mitano. Akakataa. Wakamweka bila kazi. Magazeti yale yale yaliyomwita malkia yakaanza kuandika kwamba ni mkorofi, kwamba anachelewa, kwamba anakunywa. Hakupewa filamu nyingine ya maana. Kipande cha mwisho cha Gogo kilikuwa kidogo kama stempu: alikuwa akifundisha watoto kusoma kwa sauti kwenye mji fulani, na picha hawakuweka.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili jengo letu lilipofungwa. Mwenye jengo alikuwa ameliuza, aliyelinunua aliwataka wapangaji wote watoke, na asubuhi moja wakaja watu wenye ovaroli nyekundu na karatasi. Walianza ghorofa ya juu. Vitu havikushushwa ngazini, vilitupwa madirishani. Tulisimama upande wa pili wa barabara tukiona magodoro yetu yakishuka, masufuria, cherehani ya fundi. Rafu ya Gogo ilishuka na kitambaa chake. Kanda zilipasuka kwenye lami na utepe mweusi ukajisokota kwenye matairi ya taksi zilizokuwa zikipita. Adhuhuri mvua ikanyesha. Vipande vya magazeti vilikuwa kwenye bahasha, na bahasha sikuiona tena.

Gogo hakulia. Alisema kitu kimoja tu, kwamba wangeweza kumwambia ashushe mwenyewe, angeshusha kwa mikono.

Mama alipata chumba Bertrams, karibu na uwanja wa Ellis Park, na hakumuuliza Gogo kama anataka kuja. Alibeba tu begi lake. Saluni mpya ilikuwa gereji iliyopakwa rangi ya waridi, viti vitano sasa, na wateja walikuwa Wakongo, Warundi, Watanzania, Mkenya mmoja mmoja. Gogo alikaa kwenye benchi karibu na mlango akichambua meshi, zile nywele za kuongezea, akizitenga fungu fungu ili wasusi wazikute tayari. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Siku moja mteja mmoja, mama wa Kirundi ambaye kichwa chake kilihitaji saa sita, alilalamika kwamba hakuna hata redio. Gogo aliniuliza amesema nini. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Waambie nitawaonyesha filamu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Gogo alisimulia kwa Kizulu na Kiingereza chake, sentensi mbili tatu, akasimama, nami nikazigeuza Kiswahili. Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka mlango ulifunguka upande gani, kivuli kilianguka wapi, Dada Mkubwa alivua glavu ya mkono gani kwanza. Kina mama wale hawakuwahi kuona filamu hata moja ya zamani, na wengi walikuwa na yao ya kutosha ya kulilia. Lakini walisikiliza. Walisahau kuuliza saa. Wiki iliyofuata walirudi na kichwa ambacho hakikuhitaji kusukwa, wakitaka kujua Dada Mkubwa amefanya nini tena. Walibishana juu yake kama ndugu wa mume. Mmoja wa Bukavu alishikilia kwamba mwanamke yule lazima ana damu ya kwao, kwa kiburi kile.

Filamu ya gazeti Gogo aliiweka mpaka karibu na Krismasi. Saluni ilijaa, watu wamekaa mpaka kwenye ndoo zilizopinduliwa. Nami nilijua inavyoisha. Gogo alisema: anavua aproni, anampa funguo, anamwambia wewe unajua zaidi. Nikazitazama nyuso zile zilizonigeukia. Nikasema kwa Kiswahili: anajifunga aproni vizuri, anaziweka funguo mfukoni mwake, anamwambia mwanamume, ukitaka kazi anza kwa kufagia.

Kelele zilizotokea hapo zilitikisa mabati. Watu walipiga makofi, yule mama wa Kirundi alisimama na nusu ya nywele zake hewani.

Gogo hakujua maneno, lakini alijua filamu. Alijua pale hapapigiwi makofi. Alinitazama mpaka kelele zikapungua, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nimewaambia nini. Nikamwambia ukweli. Nilidhani atafurahi, maana nilikuwa nimewapa mwisho wake mwenyewe, ule aliouishi nyuma ya pazia.

"Usinirekebishie," alisema. "Waache wajue alivyotendewa."

Nikamwambia wataumia. Akasema ndiyo, waumie. Akasema nikibadilisha mwisho nimemnyang'anya macho yake. Siku ile mwanamke yule alipewa maneno mabaya na akafanya kazi ngumu kuliko zote za maisha yake, na sasa mimi nimemfutia. "Alikuwa kazini," Gogo alisema. "Rudi uwaambie."

Ilibidi nisimame katikati ya saluni, mtoto wa miaka kumi na miwili, niseme kwamba nimedanganya. Nikawaambia funguo zilikwenda wapi. Nikawaambia gazeti lilichapwa kwa jina la nani. Makofi yaligeuka ghadhabu, na kwa muda nilifikiri ghadhabu ile inanielekea mimi. Mama wa Bukavu aliuliza nani aliandika upuuzi huo, na je, huyo mtu ana mama? Mwingine aliuliza kwa nini Dada Mkubwa hakukataa. Hapo ndipo nikawaambia habari za macho. Nikawaonyesha: nikasema maneno ya mdomo kwa utamu, na macho nikayapeleka juu ya bega la mama, kwenye ukuta wa waridi, nikayaacha huko. Yule mama wa Kirundi alikaa chini taratibu. Alisema kwa Kirundi neno ambalo sikulijua, kisha akalisema kwa Kiswahili: "Nimeshawahi kutazama hivyo."

Leo mimi ni mkalimani mahakamani. Wanasimama mbele ya hakimu watu wangu wa Uvira na Bujumbura na Kigoma, wanasema yaliyowakuta, nami nayapitisha kwa Kiingereza. Mara nyingi ningeweza kulainisha, kuongeza neno moja la kumsaidia mtu, kupunguza moja la kumwaibisha. Sijawahi. Hakuna chuo kilichonifundisha hilo.

Gogo tulimzika nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Tulisimama kaburini kina mama wa saluni nzima, wengi wao vitambaa vichwani, watu wa lugha sita. Jumba lile la sinema sasa linauza mablanketi na simu. Nimeingia, yale mazulia yameng'olewa, na mlango wa pembeni umezibwa kwa tofali. Filamu ya gazeti nimeitafuta kila mahali mtu anapoweza kutafuta. Za mwenye koti zuri zimesafishwa, zimetiwa kwenye visanduku vya fahari, hata zile mbovu. Hii hawajaisafisha. Niliandika barua kwa wanaozihifadhi, wakanijibu kwa upole kwamba wanaoiulizia ni wachache. Wachache. Wangeuliza vipi wasioambiwa kwamba ipo? Watu wanazungumza juu ya kusahauliwa kama vile ni kutu, kama vile huja yenyewe kwa hewa na maji. Mimi nimeona watu wakifanya. Kuna aliyeandika kwamba ni mkorofi. Kuna aliyeamua kisanduku kipi kisafishwe. Walifanya hivyo saa za kazi, wamekaa kwenye viti, wakanywa na chai.

Siku ile ya viatu nilipitia kwa mama, Bertrams. Magoti yake hayamruhusu tena kusimama siku nzima, saluni ameiacha, na wale kina mama wametawanyika: wengine Diepsloot, pembezoni mwa jiji, wengine wamepata Kanada, wengine wamerudi. Nilimweleza yote, picha, maneno chini yake, mama mwenye miwani. Binti yangu alikuwa ameketi kati yetu na simu yake. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama yule mwanamume bado wanamtaja kwa jina. Nikasema ndiyo.

"Eish," mama alisema, kwa Kizulu chake cha Uvira. Kisha akamgusa binti yangu begani, akamwambia aweke simu chini.

"Msimulie," akaniambia. "Na usimfichie mwisho."